Kigingi cha Kisima

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kimojawapo cha vikao nitakavyovitaja hakijafungwa hadi leo, palikuwa na nchi iliyokuwa ikiliwa na jangwa. Jangwa lenyewe halikuwa na pupa. Lilikula mdogo mdogo, leo malisho, kesho kijito, na watu wakisema, "Mvua imechelewa tu mwaka huu."

Katika nchi hiyo aliishi mjane aitwaye Nkwimba. Hata matanga ya mumewe hayajaanuliwa, shemeji yake Maduhu, mchoma mkaa, aliingia na shoka katika shamba la marehemu akaangusha miti yote. Alibakiza visiki. Si kwa huruma, la! Kung'oa kisiki ni kazi, na Maduhu na kazi hawakuwa wakisalimiana.

Nkwimba alilia, akanyamaza, akazungushia shamba ua wa miiba. Msimdhanie shujaa wa mazingira. Alichotaka ni kimoja: mbuzi wa Maduhu wasitie mguu mle hata kwa bahati mbaya. Basi visiki vikachipua. Kila kisiki akakiachia machipukizi mawili yaliyonyooka, mengine akayakata. Mwaka wa kwanza yalimfika gotini. Mwaka wa tatu yalimpita kichwa. Mwaka wa tano palikuwa na kivuli na majani, na mchanga uliozoea kuingia hadi jikoni ukakoma.

Miaka hiyo yote Mheshimiwa, mjumbe wa nchi, alikuwa akipambana na jangwa katika miji yenye theluji. Alihudhuria vikao tisa. Akarudi na koti zito, mafua, na mkataba wa mataifa. Lakini msicheke sana. Mkataba ule ulizaa sheria, na siku Maduhu aliporuka ua na shoka kuyafuata machipukizi, mgambo walimkamata kwa sheria hiyohiyo. Tangu hapo akaacha mkaa.

Asubuhi moja Mataifa ya ule mkataba yakamleta mgeni, mama mwenye kofia pana, na kigingi kimoja mkononi cha kutia alama pa kuchimba. Akasema, "Aliyerudisha kijani hapa atachimbiwa kisima mlangoni kwake. Kisima ni kimoja."

Nkwimba ndiyo kwanza alikuwa anatoka mtoni, mto wenyewe mchanga mtupu, unachimba na kuteka kwa kata. Ndoo moja, asubuhi nzima, na magoti yamekwisha. Aliposikia neno kisima, akasogea mbele na ndoo yake kichwani.

Mheshimiwa akakohoa. "Bila mimi hakuna mkataba. Bila mkataba hakuna sheria. Bila sheria, mama huyu angekuwa analinda majivu. Kichimbwe kwenye shamba langu la kando ya barabara. Mkininyima, nani atawasemea kwenye kikao cha kumi?" Katika shamba hilo hajawahi kulala hata siku moja.

Maduhu akavua kofia. "Bila mimi hakuna kisiki. Bila kisiki hakuna chipukizi. Mwingine angeng'oa mpaka mizizi! Na hiyo sheria, mgambo ni wawili na pori ni kubwa. Pori limesimama kwa kuwa mimi na wachoma mkaa wenzangu kumi na wawili tumeacha. Mkininyima, shoka langu halijapata kutu."

Zamu ya Nkwimba ikafika. Alitaka kusema uongo kidogo, akauacha.

"Mimi sikupanda mti hata mmoja," akasema. "Wala sikuufikiria ulimwengu. Nilimkasirikia shemeji. Lakini miaka mitano nimeuziba ua huu kila mbuzi walipoutoboa. Magoti haya hayafiki mtoni mwaka mwingine. Mkininyima, nitahamia kwa binti yangu, na ua utabaki na nani?"

"Utabaki na mimi, shemeji," Maduhu akajibu kwa upole, na nyuma ya miiba mbuzi wake wakalia.

Mgeni akawatazama wote watatu. Akakitazama kigingi. Akainama, akainuka tena.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkinimalizia karanga zangu, je, nani alistahili? Semeni kigingi kichomekwe mlangoni kwa nani. Ila tafadhali, msiunde kamati. Nkwimba bado amesimama, ndoo iko kichwani.