Sikudhani, Paa wa Gunzi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona pakawa yenu imelegea? Kaeni vizuri. Na wakubwa nao wasogee, maana hii inawahusu zaidi.

Hapo zamani za kale, Bi Nungunungu alikuwa na vikaragosi. Alivitengeneza kwa magunzi ya mahindi, akavivika maganda, na kila kimoja akakichomeka kwenye mwiba wake mwenyewe. Akitaka kikaragosi kipya, anang'oa mwiba mgongoni, nyaa, huku ameuma meno.

Asubuhi moja akatundika pazia kwenye uwanja wa wanyama. Watoto wakaja mbio, tifu tifu tifu. Mbele kabisa akakaa Kidomo, mtoto wa Ngiri. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Leo nitawaonyesha utumwa," akasema Bi Nungunungu.

"Bibi, mtumwa ndiye nani?" akauliza Kidomo. "Mama akinituma majani, mimi ni mtumwa?"

"Mama akikutuma, unarudi nyumbani, unakula. Mtumwa harudi kwao. Na anacholima, anakula mwingine."

"Aa," akasema Kidomo. Kama alielewa, hata mimi sijui.

Pazia likafunguka. Akatoka paa mdogo wa gunzi, anaruka, tii tii tii.

"Naitwa Sikudhani," akasema. "Nakwenda kisimani. Nikirudi nitacheza nanyi."

Watoto wakampenda papo hapo. Kidomo akampenda kuliko wote.

Mara akatokea Fisi wa gunzi, kamba begani. Sikudhani akajificha nyuma ya mtungi.

"Watoto wazuri," akasema Fisi, "mmemwona paa?"

Watoto wakaangalia juu, kama hawakusikia.

Fisi akarusha karanga. Karanga za kweli, za kukaanga. Chwaa. Watoto wakaokota. Kacha kacha kacha.

"Mmemwona paa?"

"Nyuma ya mtungi," akasema Kidomo, mdomo umejaa.

"Nyuma ya mtungi, nyuma ya mtungi," wakaitikia wenzake. Wanacheka. Si mchezo tu?

Fisi akamnasa. Akamfunga ndi, ndi, ndi. "Jina lako sasa ni Faida," akamwambia. Akamburuta, kwaru kwaru kwaru. Pazia likafungwa.

Watoto wakasubiri. Wakasubiri tena. Bi Nungunungu akatoka, akaanza kukunja mkeka wake.

"Bibi," akauliza Kidomo, "Sikudhani anarudi lini?"

"Nimewaambia nini sasa hivi? Mtumwa harudi kwao."

Jamani, mngeziona nyuso zile. Midomo wazi, karanga ndani, hakuna anayetafuna. Kitoto cha Kima kikazitema zake.

"Nani alimwonyesha?" akauliza Bi Nungunungu.

Kidomo akasema, "Bibi, sikudhani."

Mmesikia? Alitaka kujitetea, akataja jina la yule paa aliyemuuza.

"Ndiye huyo huyo," akasema Bi Nungunungu. "Bibi yangu naye alijificha, akaonyeshwa hivyo hivyo na watoto aliokuwa akicheza nao. Nao walisema hawakudhani."

Kidomo akainuka. "Fungua pazia, Bibi."

Bi Nungunungu akamtazama sana. Kisha akarudi nyuma ya pazia, akashika miiba yake, akafungua. Sikudhani alikuwa anatwanga, twa, twa, twa, kamba shingoni. Fisi akarusha karanga tena, chwaa. Hakuna aliyeokota hata moja.

"Sikudhani," wakaita watoto. "Sikudhani."

Paa akaacha kutwanga. Akainua kichwa. Kidomo akaingia, akaiuma ile kamba. Fundo lilikuwa limekaza. Akauma, akauma, fizi zikatoka damu. Kat, kamba ikakatika.

Sikudhani akatoka mbio, tii tii tii. Watoto wakanyoosha mikono kumpokea. Akawapita. Bi Nungunungu akaenda naye hadi mwisho wa uwanja, akauchomeka mwiba ardhini, paa akabaki pale amewapa mgongo.

"Alisema atacheza nasi," akasema Kidomo. "Mbona haji?"

"Yuko huru. Aliye huru huchagua wa kucheza naye. Na ninyi anawajua."

Kidomo akakaa chini pale pale. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mdomo wake ukapumzika.

Basi watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, sikieni. Anayemfunga mwenzake ametenda uovu. Anayemwonyesha alipojificha naye ameishika ile kamba. Na ukimfungua, umefanya lililokupasa, usidai akushukuru.

Hadithi yangu imeishia hapo Kidomo alipokaa. Mwenye karanga mkononi, aziangalie vizuri kabla hajatafuna.