Mafurungu Manne ya Bwana Kenge

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa au kuna mtu amekanyagwa? Sogeeni motoni, mwitikie kama watu waliokula. Paukwa!

Pakawa!

Sasa sawa. Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo hata ngedere alikuwa na duka, palikuwa na mji unaitwa Kigogoni. Msiniulize uko wapi. Mimi nimefika, nimekaa, nimekula wali wao, na mizani nitakayowasimulia niliitundika kwa mkono huu huu mnaouona.

Nyuma ya mji palikuwa na bonde lenye maji, limezungukwa na ua wa miiba pande zote, umebaki mwanya mmoja tu wa kuingilia. Mtawala wa mji, Jumbe Kibwana, akapiga mbiu: "Siku mavuno yakiisha, nitatundika mizani uwanjani. Upande mmoja nitaweka nazi kavu. Atakayeleta fedha, ile nyeupe ya sonara, ikaizidi nazi kwa uzito, bonde lake. Wakiizidi wawili, bonde ni la mwenye fedha nzito zaidi."

Bi Kanga aliposikia mbiu ile moyo ulimdunda. Mwaka ule alikuwa ametaga mara tatu, na mara tatu Kenge alikuja akanyonya mayai yote, akapangusa mdomo, na salamu akampa. Bi Kanga alilitaka lile bonde lenye ua, alifunge kwa miiba, atage kwa amani.

Lakini na Kenge naye alisikia. Akajiambia: "Nikilipata bonde, ndege wote watakuja kunywa kwangu. Na wakishakunywa, si watataga kwangu?" Akacheka mpaka mkia ukapiga vumbi.

Basi Bi Kanga akaingia kazini. Alikuwa akila viwavi kwenye mashamba ya mtama ya watu, na wenye mashamba wakimlipa kibaba cha mtama kwa siku. Mtama ule akaupeleka kwa Ngedere, sonara pekee wa mji.

Siku ya kwanza Ngedere akamtolea riale, sarafu ya fedha ya zamani. "Tazama hii, Bi Kanga! Ina sura ya sultani mwenye jicho moja. Zimebaki saba tu duniani. Chukua, Bi Kanga, chukua!"

"Na nikiiweka kwenye mizani, fundi, itavuta kiasi gani?"

"Kama riale nyingine yoyote."

"Na bei?"

"Mara mbili. Sura ile, mama! Jicho lile!"

"Jicho halina uzito," akasema Bi Kanga, akabeba mtama wake akaondoka.

Siku ya pili Ngedere akamtolea mkuo, kipande kizima cha fedha kilichomiminwa kama tofali. "Hii ndiyo fedha ya waungwana. Chukua, Bi Kanga, chukua!"

"Na nikiuweka kwenye mizani, fundi, utavuta kiasi gani?"

"Peke yake unaizidi nazi!"

"Basi nikatie kidogo, cha vibaba hivi vitatu."

Ngedere akashika kichwa. "Mkuo haukatwi! Lete magunia kumi kwa mkupuo, uondoke nao."

"Mimi nala viwavi, fundi, silimi. Magunia kumi nitayaona peponi." Akabeba mtama wake akaondoka.

Siku ya tatu Ngedere akamtolea mafurungu, yale mapambo ya miguuni, manene kama mihogo. Akayatikisa: chwaka, chwaka, chwaka! "Mazito, mazuri, na bei ni ya kutupa. Chukua, Bi Kanga, chukua!"

Bi Kanga akaligonga moja kwa mdomo: ko! Akalisikiliza. Akamtazama Ngedere. Ngedere akatazama dari.

"Na kile kifuu pale chini kina nini, fundi?"

"Kile? Takataka. Hereni zilizokosa jozi, bangili zilizovunjika, mpini wa kijiko. Nangoja kuyeyusha."

"Ni fedha?"

"Ni fedha, lakini hata mchawi haringi nayo."

"Nipimie."

Ngedere alicheka, akaita majirani waje nao wacheke. Lakini alimpimia, na kwa bei ndogo. Bi Kanga aligonga kila kipande juu ya jiwe, kilicholia vizuri akakichukua, kilichotoa sauti ya bati akakirudisha. Tangu siku hiyo mtama kwenda, vipande kurudi. Mji mzima ukampa jina: Bibi Vijiko.

Jina likamfikia Kenge. Akamwendea huku anajichekea. "Dada, nasikia unaokota mipini. Mimi nina asali mapipa mawili, nataka kununua fedha ya maana. Nichukue ipi?"

Bi Kanga akamzunguka, akamtazama miguu. "Kaka, nikwambie kweli? Mimi miguu yangu vijiti. Lakini wewe una minne, tena minene! Mafurungu yatakupendeza."

"Yatanipendeza?"

"Mno."

Jioni hiyo hiyo Kenge alipita mjini na mafurungu manne, chwaka, chwaka, chwaka! Ngedere akabaki dukani analamba vidole.

Sasa sikilizeni utamu. Kenge akaringa nayo kila aendako, hakuyavua hata kuoga. Akimnyemelea Kwale, chwaka! Kwale kaamka. Akimnyemelea Njiwa, chwaka! Njiwa yuko juu ya mti. Akimnyemelea Bi Kanga, chwaka! "Karibu, kaka, leo umependeza!" Msimu mzima Kenge hakuonja yai. Akakonda, akakonda, mpaka siku ya mizani ilipofika hakuwa na haja ya kuyavua mafurungu. Aliinua miguu, yakadondoka yenyewe.

Uwanja ulijaa. Bi Kanga akamwaga vipande vyake kwenye mizani. Watu wakacheka. Nazi ikainuka, upana wa kidole kimoja. Kicheko kikakatika.

Kenge akaweka yake manne. Nazi ilirushwa juu ikataka kumpiga Jumbe kidevuni!

Bi Kanga akasogea karibu na mizani. Hakudhani yangekuwa mazito vile. Jumbe akafungua kinywa atoe hukumu.

"Jumbe!" akaita Bi Kanga. "Naomba moja litikiswe."

Likatikiswa. Chwaka, chwaka, chwaka!

"Humo ndani kuna nini kinachocheka?"

"Kokoto!" wakajibu wanawake wote wa mji kwa pamoja. "Furungu halilii bila kokoto, nawe!"

Halafu wakatazamana. Maana kila mwanamke wa Kigogoni alijua kuna kokoto mle. Ila hakuna aliyewahi kuuliza zile kokoto Ngedere anaziuza kwa bei gani.

Jumbe akaamuru mafurungu yapasuliwe. Zikamwagika kokoto, zikamwagika, zikamwagika, mpaka chungu ikafika magotini. Fedha iliyobaki, nyembamba kama ganda la kitunguu, ikawekwa kwenye mizani. Nazi haikujisumbua hata kutikisika.

"Wewe ndiye uliyenishauri!" Kenge akamfokea Bi Kanga.

"Nilikwambia yatakupendeza, kaka. Hayakukupendeza?"

Watu wako chini wanagaagaa kwa kicheko. Lakini Bi Mize, mke wa Jumbe, hakucheka. Alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe.

"Mume wangu," akasema, "haya ya mahari yangu, ulipimiwa na kokoto zake?"

Jumbe akakohoa. Akakohoa tena. Akasema bonde ni la Bi Kanga na baraza limefungwa, akaondoka mbio mbio.

Wanawake hawakumfuata. Walikwenda kwa Ngedere, wakapasua mafurungu yao mlangoni pake, wakamrudishia mali yake, kokoto moja moja, tena kwa shabaha. Ngedere akapanda mtini. Mpaka leo akiona mwanamke anainama kuokota kitu, haulizi ni nini.

Bi Kanga akaingia bondeni, akaziba mwanya kwa miiba, akataga mayai kumi na sita. Yakaanguliwa yote kumi na sita. Vifaranga wakapiga kelele kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na Bi Kanga akawalalamikia kwa kila mpita njia: wamemchosha, wamemmaliza, hawanyamazi hata kidogo. Na kila akilalamika, anacheka.

Hadithi yangu imefika hapo, ikakaa. Atakayesema nimeongeza chumvi, anipe kwanza mafurungu ya mkewe nimpasulie.