Mikono ya Bi Krahl

Haya, sogeeni. Leo nawatwika kesi, na mkiondoka bila kuiamua, shauri yenu.

Mjini Leipzig, Ujerumani, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu watatu walikutana katika kitabu kimoja cha picha. Ottilie alikuwa na jicho: alipiga picha za mtindo mpya, toka juu, toka chini, hadi wakongwe wa fani wakamcheka. Ewald alikuwa na mkasi: alijua picha ikatwe wapi na ikaeje ukurasani. Bi Krahl, dobi wa mtaani kwao, alikuwa na mikono tu, iliyochubuka kwa sabuni na magadi.

Ottilie alimwomba Bi Krahl picha. Mama wa watu akatengeneza nywele, akavaa blauzi yake ya kanisani, akasimama mbele ya beseni. Ottilie akapanda ngazi na kumpiga toka juu.

Ikaja zamu ya Ewald. Aliona picha ni nzuri, lakini haimshiki mtu. Akapima kwa rula, akakata kichwa chote, akabakiza mikono na beseni. Loo, hapo ikawa picha! Akaiweka kwenye jalada.

Kitabu kikavuma. Waandaaji wa maonyesho ya vitabu wakaleta nishani moja kwa ajili ya jalada lile, na mchapishaji wa kitabu akamwachia Ewald aamue nani avishwe.

Siku hiyohiyo, Ewald na Ottilie wakiwa ofisini, Bi Krahl akaingia na majirani wawili, aliowaahidi kuwaonyesha picha yake. Akakigeuza kitabu mbele na nyuma.

"Mwanangu, mimi niko wapi?"

"Hapo, mama. Mikono yako hiyo," Ewald akajibu.

"Na uso?"

Majirani wakatazama sakafu. Ewald aliona aibu hata masikio yakamwaka. Akafungua droo, akampa kile kipande alichokikata.

"Na nilikuwa nimependeza," Bi Krahl akasema taratibu.

"Bila mimi kupanda ngazi, pangekuwa na picha gani?" Ottilie akauliza, naye hakukosea. Ewald alijua kwamba bila mkasi wake isingevuma.

Nishani iko mezani, na Ewald ameinamisha kichwa. Je, wewe ungemvisha nani: mwenye jicho, mwenye mkasi, au mwenye mikono? Jibu, lakini ukijibu, mtazame Bi Krahl usoni.