Winfrida Aliyesemewa na Somo Yake

Je, msomaji wangu, ungethubutu kumwambia mwanamume usiyemjua kwamba kila ukiingia mwezini, kwenda choo ni kama kukalia kaa la moto? Winfrida wa Newala hakuthubutu. Unyagoni alifundwa kwamba habari za mwezi husemwa na somo, si na mwali, na neno hilo lilimganda kama ukucha na kidole.

Mwaka ule wa soko huria, wanunuzi wapya wa korosho walipoanza kupanda mlima hadi Newala, Winfrida na mumewe Dastani waliuza mavuno yao, wakateremka hadi hospitali ya misheni upande wa Masasi. Somo yake aliyemfunda unyagoni, Bi Dorika, alifuatana nao. Dastani akabaki nje ya chumba cha daktari.

"Shikamoo, bibi," alisema Daktari Pancras.

"Marahaba, mwanangu. Huyu hashiki mimba. Na tumbo linamuuma kidogo."

"Mgonjwa ni wewe, bibi?"

"Mimi? Mimi naumwa magoti!"

Hata Winfrida akacheka.

Daktari, mtu mwenye subira ya mfinyanzi, alimpima taratibu, kisha akaeleza. Nyama kama ile ya ndani ya mji wa mimba ilikuwa imeota nje, ikaung'ang'ania utumbo.

"Naweza kuikwangua, utumbo ubaki mzima. Utapona haraka, ila mzizi unaweza kusalia. Au nikate kipande cha utumbo, niunge ncha mbili. Ugonjwa utaondoka zaidi, lakini kiungo kinaweza kuvuja, na huenda kwa muda ukapitishia choo kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Niambie, unaumwaje? Na unataka nini?"

"Anataka mtoto," Bi Dorika akadakia. "Mkwangue! Mfuko wa nini, na Newala maji ya kunawa tu tunayasaka?"

"Basi, kama maumivu ni kidogo, tutakwangua," alisema daktari.

Winfrida akaona msaada unampita hivi hivi. Akamshika mkono Bi Dorika.

"Niwie radhi, somo yangu." Kisha akamtazama daktari usoni. "Nikiwa mwezini, haja kubwa inatoka na damu. Siku nyingine haitoki kabisa. Nauma kanga ili mume wangu asinisikie."

Ushujaa ulioje! Wapo waliopigana na simba wasioweza kusema hayo.

"Hapo umenionyesha njia," alisema daktari kwa heshima. "Kukwangua hakutatosha."

Bi Dorika machozi yalimlengalenga. "Miaka yote hii, mwanangu? Haya, sema mwenyewe. Unataka nini?"

"Mtoto akija, nitamshukuru Mungu. Lakini nilichotaka miaka yote ni kwenda haja bila kulia. Kata, daktari."

Naam, wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.