Wimbo Mtamu wa Tausi

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, mnaitika kama mliokabwa na ugali mkavu. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wote walikunywa maji ya bwawa moja. Mkubwa wa bwawa alikuwa Kiboko. Bwawa likaingia uchafu. Nani aliyelichafua? Kiboko alikuwa akioga humo, akilala humo, na mengine humo humo. Hilo hakuna aliyeuliza. Basi matumbo yakaanza. Pruu! Pruu! Wanyama wakaharisha.

Kiboko akamwita Tausi, mpiga mbiu. "Waambie wanyama wanywe chemchemini. Anayeharisha aende mapema kwa mganga Nungunungu, apewe maji ya chumvi na asali. Atapona."

"Basi?" akauliza Tausi.

"Basi."

Tausi akaona maneno hayo mafupi, hayana utamu. Mbiu gani isiyo na ngoma? Akatandaza mkia, faaa! Akatunga wimbo:

Anayeharisha nani?
*Mchafu!*
Mchafu tumfanyeje?
*Tumcheke!*

Ngoma ikalia, ndu! ndu! ndu! Wanyama wakacheza mpaka vumbi likatimka. Chemchemi na Nungunungu? Tausi aliwataja mwishoni, haraka haraka, hakuna aliyesikia. Eti hawakuingia vizuri kwenye mapigo!

Nungunungu akakoroga maji yake, akakaa. Hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu. Tausi akaenda kwa Kiboko, shingo juu.

"Mzee, ugonjwa umekwisha! Kwa Nungunungu hakuna mgonjwa hata mmoja."

Kiboko akafurahi, akatangaza sherehe ya kumpongeza Tausi. Umekwisha! Ulikuwa vichakani, umeshika tumbo.

Kule shimoni, mtoto wa Ngiri alikuwa anaharisha. Macho yameingia ndani, midomo imekauka. Jirani yake, Kanga, akapita.

"Hodi, shoga! Mwanao mbona haonekani?"

"Amelala tu."

"Mchana huu?"

"Jana alicheza sana."

Kanga akaenda zake akiimba: anayeharisha nani? Mchafu! Ngiri akausikia, akamfunika mtoto. Mtoto akalia, akalia. Mwisho hata kulia akashindwa. Hapo hofu ya Ngiri ikaishinda aibu yake.

Akambeba. Huyo, tu-tu-tu, mpaka sherehani, katikati ya uwanja.

"Mwanangu anaharisha!" akapaza sauti. "Haya, chekeni! Chekeni mmalize, kisha mnipishe nifike kwa Nungunungu."

Ngoma ikanyamaza. Fisi akafungua mdomo acheke, tumbo lake likamtangulia: pruuu!

Kanga akasema kwa sauti ndogo, "Na wangu pia, shoga."

Swala naye, "Hata mimi."

Wakamfuata Ngiri, msururu mzima. Mtoto akanyweshwa kidogo kidogo. Jua likizama akaomba mizizi atafune, na mama yake akalia kwa furaha mbele ya wote.

Na Tausi? Alikuja nyuma ya wote, mkia umelowa, miguu ameibana.

"Unaumwa nini, bwana?" akauliza Nungunungu.

Tausi akatazama huku na huku. Wimbo ni wake, atasemaje?

"Mafua."

"Mafua tu?"

"Mafua, nimesema!"

Nungunungu akampa tangawizi. Tausi akaenda nayo nyumbani, akafa nayo. Matangani Kiboko akahutubia: "Ndugu zangu, mafua ya siku hizi ni mabaya!" Wanyama wakaitikia: "Mabaya!"

Basi nanyi mnaopewa mbiu, sikieni. Ukimcheka mgonjwa hujaufukuza ugonjwa, umemfundisha kuuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema ni nani aliyemfundisha kuficha. Mimi nimesema.

Hadithi yangu imekomea hapo. Na wewe unayejishika tumbo huko nyuma, sema mapema.