Jina Atakaloliita Sumaili

Sogeeni, na mwenye jibu alizuie mpaka nimalize.

Kalume alijua kuandika. Katika kikosi chake ni yeye tu aliyejua. Mwepu alijua njia: alisukuma baiskeli ya mafuta ya mawese kutoka upande mmoja wa vita hadi wa pili. Mama Zaituni, mkunga wa kijiji, alijua kusoma. Feza hakujua lolote kati ya hayo. Yeye alijua kungoja. Mumewe, Sumaili, alichukuliwa jeshini mimba ikiwa ya miezi miwili.

Sumaili naye hakujua kuandika. Alimwendea Kalume, mwenzake kikosini.

"Mwambie mke wangu nipo."

"Hayo tu, ndugu yangu? Karatasi nzima?"

Kalume alikuwa ametoa sigara zake zote kupata daftari lile. Hakumwachia Sumaili mpaka akasema kilichomkaa rohoni: kwamba anakumbuka jinsi Feza anavyokohoa kidogo kabla ya kucheka.

Mwepu aliikunja barua, akaichomeka ndani ya bomba la kiti cha baiskeli. Kwenye kizuizi cha askari barabarani, barua ya upande wa pili ilitosha mtu kupigwa risasi. Walimpiga, wakatafuta, wasiione. Alifika kwa Feza akiwa hana meno mawili.

"Shemeji, nipe spana," alisema. "Nimekuletea mtu humu."

Alikuja hivyo mara kadhaa, na barua zote zilitoka na kutu. Mama Zaituni alizisoma juani, herufi kwa herufi. Feza akiomba tena, alisoma tena.

"Mwanangu, macho yangu yataisha kabla ya barua hii."

Lakini alisoma. Palipoliwa na kutu hakubuni neno. Alimwonyesha Feza tundu, kisha akaendelea.

Barua ya sita ilikuwa fupi: "Mtoto akizaliwa, mpe jina la aliyetukutanisha kwa barua hizi. Nikirudi nitaliita kutoka barabarani, kabla sijabisha hodi."

Kisha njia ikafungwa, Mwepu akabaki kijijini. Haikuja barua nyingine, wala hapakuwa na wa kuulizwa ni nani kati ya watatu.

Feza alijifungua msichana. Kwao msichana huweza kubeba jina la mwanamume, ila jina ni moja tu, na hutajwa kizingitini siku ya saba, mtoto anapotolewa nje.

"Mpe yote matatu," alisema Mwepu.

"Huyu ni mtoto au daftari la mahudhurio?" Mama Zaituni akamjibu.

Feza alikohoa kidogo, lakini hakucheka. Bila Kalume, kusingekuwa na cha kubeba. Bila Mwepu, kusingekuwa na cha kusoma. Bila Mama Zaituni, angebaki na karatasi zenye kutu mkononi. Na Sumaili ana jina moja kichwani. Akija akaita, na mtoto anaitwa vingine, hakuna atakayegeuka.

Siku ya saba alimfunika mtoto, akasimama naye kizingitini, akaitazama barabara. Ilikuwa tupu.

Haya, nyinyi mliosikia yote: mguu wake uko juu ya kizingiti. Amwite nani?