Mwanamize Apiga Hodi kwa Bi Upupu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kinyonge? Ngano hii haimtaki mwoga. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kwenye miamba ya bahari, paliondokea samaki mdogo jina lake Mwanamize. Alikuwa wa rangi ya chungwa, ana mistari myeupe mwilini. Alikuwa na mume mpole, na alikuwa na adui. Adui yake ni Chewa, jumbe wa mwamba ule.

Chewa alijiwekea ada. Kila mwezi ukiandama, samaki wadogo humpelekea mayai yao ayale. Mwezi wa kwanza Mwanamize akapeleka, akalia. Mwezi wa pili akapeleka, akalia. Mwezi wa tatu hakulia.

"Tumbo limejaa," akamwambia mumewe, "na safari hii Chewa haonji hata moja."

"Mke wangu, utayaficha wapi? Mwamba wote ni wake."

"Wote, isipokuwa kwa Bi Upupu."

Mume akarudi kinyumenyume. Bi Upupu alikuwa kiumbe mfano wa ua, kaganda jiweni, ana vidole tele vilaini vinavyoyumba na maji. Kila kidole kina sumu. Samaki akikigusa huungua, hukakamaa, huliwa.

Mwanamize akaenda akasimama kando yake.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, mama!"

Bi Upupu akashangaa. Tangu aote pale hajapigiwa hodi. Wenziwe wote walimkimbia, na walioingia kwake waliingia kwa kuvamia.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Lakini ukiingia utaungua. Sumu yangu haichagui."

"Hata kwa Chewa naungua, mama. Afadhali moto niliouchagua mwenyewe."

"Na mimi nitafaidi nini?"

"Kipepeo, samaki yule mwenye mdomo mrefu, kila siku anakuja kukudonoa vidole. Wewe huwezi kumfukuza. Mimi naweza."

Neno lilikuwa la kweli, nalo lilimuuma Bi Upupu.

"Basi njoo usingwe," akasema.

Kusingwa mnakujua. Bibi harusi husuguliwa singo, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka mwili ukakubali. Haifanywi kwa pupa. Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwanamize akagusa kwa mkia. Akaungua, akaruka, akarudi. Akagusa kwa tumbo. Akaungua, akaruka, akarudi. Mwisho akatia shavu, huku anaimba:

"Nichome, sitoki,
nichome, sitoki,
mwanangu haliwi tena!"

Kila akigusa, ute wa Bi Upupu humganda mwilini. Hata ikafika siku vile vidole vikampapasa visimwone mgeni. Akamwita mumewe, naye akasingwa, na kelele alizopiga ziliwashinda wenye uchungu wa kuzaa wote wa mwamba ule. Mwanamize akataga pale pale, chini ya Bi Upupu, na mume akawa anayapepea mayai kwa mapezi yake. Ndiyo, mume! Akina baba mnacheka nini?

Kipepeo alipokuja kudonoa, Mwanamize akamtokea akamng'ata mkia. Kipepeo akaenda zake kwa aibu.

Mwezi ukaandama. Chewa akangoja mayai, hakuona kitu. Akaja mwenyewe, domo wazi.

"Mayai yangu yako wapi?"

"Yako?" akauliza Mwanamize. "Uliyataga lini?"

"Toka nje!"

"Sitoki."

"Basi naingia."

"Ingia, lakini piga hodi. Na usingwe kwanza, kama nilivyosingwa mimi."

"Mimi jumbe nipige hodi kwenye mwamba wangu? Nisingwe kama mwari?"

Akajitupa, mdomo mbele. Bi Upupu akampokea kwa vidole vyote. Lahaula! Chewa alilia kilio ambacho hata pweza pangoni alikisikia. Alipochomoka, midomo imemvimba, na haijarudi mpaka leo. Mtazameni sokoni.

Akasimama mbali, akasema kwa shida, "Iko siku utatoka humo!"

"Nitatoka kila siku," akajibu Mwanamize, "na nitakutazama machoni."

Mayai yakaanguliwa. Mwanamize akayaona macho madogo ya wanawe, mara ya kwanza katika maisha yake, na hapo ndipo alipolia.

Mpaka leo ukizamia kwenye miamba, yule samaki mdogo atatoka kwa Bi Upupu akujie usoni. Wewe mkubwa mara mia, naye anakuja tu.

Wasemao mnyonge hana haki, hawajamwona mnyonge mwenye jirani. Ukionewa, usizoee kupeleka. Tafuta mwenzio, mpigie hodi, vumilia kuzoeana, kisha mlinde naye akulinde.

Ngano yangu naiacha hapo mlangoni. Imewapendeza? Ingieni nayo kwenu. Haikuwapendeza? Nirudishieni, ila mkija pigeni hodi.